Darubini ya mm 70: miezi minane juu ya jiwe, Igombe

Naanza na bei kwa sababu ndiyo kila mtu ananiuliza hapa mwaloni Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, mitumbwi ya uvuvi inapofikia. Darubini yenyewe shilingi 310,000, nauli ya mzigo kwa basi kutoka Kariakoo hadi stendi ya Nyegezi 12,000. Nililipa Juni 2025, fedha ya dagaa, baada ya kuweka akiba kidogo kidogo tangu Januari. Ni darubini ya lenzi, siyo ile ya kioo cha kuakisi mwanga. Lenzi ya mbele ina upana wa mm 70, na urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka lenzi hiyo hadi pale mwanga unapokutana, ni mm 700. Ndani ya kasha kuna miguu mitatu ya alumini, lenzi mbili za jicho (moja ya mm 20, nyingine ya mm 4), lenzi ya kuzidisha ukuzaji mara tatu, kidarubini cha kulengea na kijitabu cha maelezo. Skrubu moja ya kukazia shingo haikuwemo. Muuzaji alisema ataituma, sijaiona mpaka leo. Fundi mmoja wa Kirumba alinichongea nyingine kwa 2,000.

Inunueni. Nalisema mapema ili asiyetaka maneno mengi aondoke na jibu lake. Ila kasha lake msiliamini, na kijitabu chake hakitawafaa huku kwetu. Kuhusu hayo mawili nina mengi.

Kwanza niseme nilikuwa natafuta nini. Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa hapa Igombe. Enzi hizo walivua kwa karabai, zile taa za mafuta ya taa za kupampu, zikielea juu ya mbao huku mtumbwi ukisubiri pembeni. Usiku wa giza nilikuwa napanda kwenye jiwe nyuma ya nyumba, naona taa zimejipanga mbali kule majini mpaka jicho linachoka, na pale taa zinapokoma nyota zinaanza. Hakuna mstari wa kutenganisha. Siku moja nikamuuliza baba, zile za juu ni za nani? Alikuwa anashona wavu. Akajibu bila kuinua kichwa: "Za wavuvi wa juu."

Nikaamini miaka mingi kwamba juu kuna ziwa jingine. Na kila nilichokiona kilinithibitishia. Mvua ilikuwa maji yanayovuja kutoka ziwa lile. Kimondo kilikuwa karabai imemponyoka mtu. Halafu kuna jambo ambalo mtoto wa mwaloni analijua kabla ya kujua kusoma: mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi wa dagaa hawaendi. Taa zinapungua majini. Na usiku huohuo ukitazama juu, nyota nazo zimepungua! Mimi nilijua sababu: hata wavuvi wa juu wanapumzika.

Darasa la nne niliyaandika haya kwenye insha. Mwalimu aliisoma kwa sauti, darasa zima likacheka mpaka kengele ya mapumziko. Mwaka uleule tulichora mwezi mwandamo. Mimi nilichora ninavyouona hapa, umelala chali kama mtumbwi, ncha zote mbili zinatazama juu. Nikapigwa mkasi mwekundu na maneno pembeni: "Mwezi haulali." Kwenye kitabu ulikuwa umesimama wima kama herufi C. Nikajiambia huenda Ulaya wana mwezi wao, mwingine.

Miaka 30 baadaye nafungua mzigo Nyegezi, kitu cha kwanza ninachokiona juu ya kasha ni mwezi uleule uliosimama.

Kwa hiyo nilisome kasha pamoja nanyi. Limeandikwa kwa herufi kubwa MARA 525. Hesabu ya ukuzaji ni rahisi: unachukua urefu wa fokasi wa darubini, unagawa kwa namba iliyoandikwa kwenye lenzi ya jicho. 700 kwa 20 ni mara 35. 700 kwa 4 ni mara 175. Ukiweka na ile lenzi ya kuzidisha mara tatu, 175 mara 3, ndiyo hiyo 525. Hesabu haina kosa. Tatizo ni kwamba lenzi ya mm 70 haikusanyi mwanga wa kutosha kubeba mzigo huo. Kipimo wanachokitumia wazoefu ni kuzidisha upana wa lenzi ya mbele, kwa milimita, mara mbili, basi hapo ndipo mwisho: kwetu ni mara 140, tena usiku hewa ikiwa imetulia. Ukipita hapo unakuza ukungu. Ile lenzi ya mm 4 nimeitoa mara tatu tu, na mara zote tatu nimeirudisha. Nilinunua ya mm 10 kwa 35,000, inanipa mara 70, na tangu hapo kazi yote naifanya kwa 35 na 70.

Picha za kasha ndizo zilizoniuma zaidi. Sayari ya Zohali, ile yenye pete, ya rangi ya chungwa imejaa upande mzima, na nyuma yake mawingu ya zambarau na pinki. Picha kama hizo zinapigwa na vyombo vilivyorushwa huko huko angani, au na mitambo mikubwa inayokusanya mwanga kwa saa nyingi. Jicho la binadamu kwenye bomba la mm 70 halitaona hivyo hata siku moja. Pacha wangu wana miaka tisa. Usiku wa kwanza niliwaonyesha Mirihi, ikawa nukta nyekundu. Wa kiume akatazama bomba, akatazama kasha, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, imeharibika?" Nilikasirika sana. Yale makosa yangu ya utotoni niliyapata kwa kutazama, nilitazama kwa bidii nikakosea. Haya ya kasha mtoto anapewa kabla hajatazama, na yanamfanya akidharau kitu cha kweli kinapomjia jichoni. Nikalichoma lile kasha jikoni. Darubini sasa inakaa kwenye sanduku la bati la shule.

Kijitabu nacho kinaanza: tafuta Nyota ya Kaskazini. Mwanza ipo nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta. Hiyo nyota kwetu ipo chini ya upeo, huwezi kuiona hata upande juu ya Jiwe la Bismarck. Ramani yote iliyofuata ilichorwa kwa mtu anayekaa mbali sana kaskazini. Badala yake anzeni na Msalaba wa Kusini, jioni za Mei na Juni umesimama vizuri upande wa kusini, na pembeni yake mashariki kuna nyota mbili angavu zinazouelekea. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ndiyo Alfa Sentauri. Kwa macho ni moja. Kwa mara 70 ni mbili, zimekaribiana kama macho ya paka gizani. Baba yangu alikaa nayo hiyo zaidi ya kitu kingine chochote. Nilimwambia mwanga ule unatumia zaidi ya miaka minne kufika, kwa hiyo tunaouona Juni 2025 uliondoka kule mwanzoni mwa 2021. Akanyamaza, kisha akawaambia pacha, "Mwaka huo bibi yenu alikuwa bado mzima."

Jueni pia kwamba nyota hata ukikuza vipi inabaki nukta. Wengi wanarudisha darubini dukani kwa sababu hiyo. Zipo mbali mno. Zinazokua ni mwezi na sayari.

Na mwezi! Kwa mwezi peke yake fedha yangu imerudi. Ila msiutazame ukiwa kamili. Mwezi kamili unapigwa na jua usoni moja kwa moja, hakuna vivuli, unaonekana bapa kama sahani na unachoma jicho. Tazameni ukiwa nusu, kwenye ule mstari unaotenganisha mwanga na giza. Hapo kila shimo lina kivuli chake na kila mlima una ncha iliyoshika jua. Sisi tuliuona hivyo kwanza mwanzoni mwa Julai. Bibi yangu alikuwa akituonyesha mwanamke aliyebeba kuni ndani ya mwezi. Nilimtafuta kwenye darubini, nikakuta madoa yake ni nyanda za miamba iliyowahi kuyeyuka ikaganda, zinaitwa bahari na hazina tone la maji. Moja ni Bahari ya Utulivu, waliposhuka wale Wamarekani Julai 1969. Nilipoondoa jicho na kutazama kwa macho matupu, mwanamke alikuwa amerudi na kuni zake. Sikutegemea kufurahi namna ile.

Pacha wa kike alipoona mashimo akasema, "Hapo ndipo mawe yetu yalipong'oka." Nami nikiwa na umri wake niliamini hivyohivyo. Mtoto wa Mwanza anaona jiwe kubwa kama nyumba limekaa juu ya jingine, limeshikiliwa na kitu kama ngumi tu. Lingetoka wapi kama siyo juu? Nilimweleza nilivyokuja kuelewa: mawe yetu ni itale, yaliganda chini ardhini zamani za zamani, udongo uliokuwa umeyafunika ukaoshwa na mvua kidogo kidogo mpaka yakabaki wazi, moja juu ya jingine. Hayakuanguka, ni ardhi iliyoshuka. Jiwe lililoanguka kweli lipo Mbozi, mkoani Songwe, ni chuma, lina uzito wa zaidi ya tani 10. Ameshaniomba tumpeleke. Nauli ya Mbozi sijaipata.

Suala la mwezi uliolala nalo nimelimaliza. Huku karibu na ikweta jua na mwezi vinashuka karibu wima. Jua linapokuwa limezama, lipo chini ya mwezi, kwa hiyo upande wa chini wa mwezi ndio unaoangazwa, na ncha zinatazama juu. Huko Ulaya vinashuka kwa mshazari, ndiyo maana wao wanauona umesimama. Mwezi ni mmoja, na mchoro wangu wa darasa la nne ulikuwa sahihi. Nimewachorea pacha wangu ukutani, kwa mkaa, umelala.

Zohali nawapa tahadhari. Mwaka 2025 pete zake zilikuwa zimetugeukia kwa ukingo, jambo linalotokea kila baada ya miaka 15 hivi. Septemba niliiona kama punje ya harage iliyotobolewa na sindano. Galileo, yule Mwitaliano wa zamani aliyetazama anga kwa darubini, naye aliwahi kuzipoteza mwaka 1612 kwa sababu hiyohiyo. Anayenunua sasa ana bahati, maana pete zinaanza kufunguka tena na kila mwaka zitaonekana vizuri zaidi mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2030.

Sayari ya Mshtarii haina masharti. Januari 2026 ilikuwa angavu usiku kucha, na kwa mara 35 unaona miezi yake minne imejipanga kwenye mstari mmoja kama mitumbwi iliyofungwa kamba. Ndiyo hiyo minne aliyoiona Galileo Januari 1610. Watoto walichora kila usiku kwenye daftari, leo mmoja kushoto na watatu kulia, kesho wawili wawili. Usiku wa nne wa kiume akapiga kelele kwamba inazunguka. Sikuwa nimemwambia. Kwenye anga hiyohiyo ya Januari kuna Kilimia, lile kundi dogo la nyota. Macho yangu yanahesabu nyota sita, darubini inatoa kadhaa wa kadhaa. Ile methali ya kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua baba anaifuata mpaka leo akiambiwa habari za kilimo.

Sasa matatizo ya kifaa chenyewe. Miguu ni myepesi mno, upepo wa ziwani ukipita picha inatetemeka kama uji. Dawa: jaza mchanga dumu la lita 5, lining'inize katikati ya miguu kwa kamba ya wavu. Usiivute miguu mpaka mwisho, kaa kwenye kigoda. Kidarubini cha kulengea kirekebishe mchana kwa kulenga mnara wa simu wa mbali. Picha inageuka kushoto kulia kwa sababu ya kioo cha kona, kile kinachokunja mwanga kuelekea lenzi ya jicho. Mchana pacha walikuwa wanasoma majina ya mitumbwi kinyumenyume wakicheka, lakini angani haikusumbui. Na kwa mara 70 sayari inatoka kwenye duara ndani ya dakika tatu hivi. Mwanzo tulidhani shingo inateleza. Ni dunia inazunguka. Nilipoelewa hilo nilishika jiwe kwa mkono, nikakaa hivyo muda.

Majira: Juni mpaka Agosti ndiyo mazuri, ingawa moshi wa kuchoma mashamba unaleta utusitusi. Masika acheni ipumzike. Wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi wakifika, funika lenzi upesi, ukiwafuta wanaacha mafuta. Umande ukishuka usipanguse, ingiza ndani ikauke yenyewe, halafu iweke na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Umeme ukikatika mtaa mzima, toka nje na darubini, usiku huo ni wako.

Jambo la hatari nimelitenga hapa ili lisipite. Kwenye kifurushi kulikuwa na kijichujio cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, eti cha kutazamia jua. Nilikiponda kwa jiwe siku hiyohiyo. Kikikaa pale mwanga wote wa jua unakuja umekusanyika juu yake, kinapata moto, kinapasuka, na jicho lako lipo nyuma yake. Ndani ya jicho, pale mwanga unapofikia, hakuna maumivu: unaungua bila kujua. Kichujio cha jua kinachofaa kinafunika lenzi ya mbele, nacho hakimo kwenye hili kasha. Mwenye watoto, msiiache darubini nje mchana bila mfuniko.

Septemba 7 mwezi ulipatwa, na kwa kuwa ulikuwa mwezi kamili wavuvi wote walikuwa nyumbani. Jiwe lilijaa watu. Kivuli kilianza kuula saa moja na nusu kasoro usiku, na saa mbili na nusu ulikuwa wote mwekundu kama kaa linalozima. Foleni ya darubini ilifika mlangoni kwa baba, wazee kwanza, kisha akina mama, watoto wakarudi foleni mara tatu. Mzee mmoja aliyevua na baba aliona ukingo wa kivuli ulivyo duara, akaniuliza ni kivuli cha nani. Nikamwambia ni chetu. Akarudi kutazama.

Kisha nyota zikarudi. Nilikuwa nimeshasoma kwa nini mwezi kamili unazipunguza, mwanga mkubwa unameza mdogo, lakini kuziona zikirejea moja moja juu ya vichwa vyetu, katikati ya usiku wa mbalamwezi, ilikuwa jambo jingine. Baba hakuwa anatazama juu. Alikuwa amegeukia ziwa.

"Giza hili dagaa wanakuja," akasema.

Nikamwuliza kwani mbalamwezi inawafanyaje. Akanieleza jambo ambalo katika miaka yote sikuwahi kumuuliza. Mwezi ukiwaka maji yote yanang'aa, dagaa wanatawanyika, taa yako haina tena cha kuwaitia, imemezwa. Nikabaki namtazama. Ilikuwa sababu ileile ya nyota.

"Mpaka saa ngapi?" akauliza.

"Saa nne kasoro dakika nane."

Akahesabu kwa vidole. "Mwenye taa majini sasa hivi anaweza kutupa wavu mara moja, kabla mwezi haujarudi."

Upande wa Ukerewe, mbali, ilikuwepo taa moja. Sasa wanatumia za sola, nyeupe zaidi kuliko karabai. Ilikuwa chini kabisa, pale pale ambapo maji na anga havina mpaka. Pacha wa kike, niliyekuwa nimemsimulia ile insha yangu, akamshika babu yake mkono.

"Babu, ile ni ya chini au ya juu?"

"Teremsha bomba tuone," baba akaniambia.

Nikalegeza skrubu ya fundi wa Kirumba, nikashusha bomba kutoka mwezini mpaka ziwani, nikalenga, nikampisha. Akainama muda mrefu, mkono mmoja umefunika jicho lisilotumika kama nilivyomkataza mara ngapi sijui.

"Inacheza," akasema. "Ya chini." Akaondoka, akampa mwenzake zamu.